Ukurasa wa Thelathini na Moja

Hadithi niliyoifanyia utafiti wangu wa mwaka wa tatu chuoni ina miisho minne. Mmoja umechapishwa. Mitatu ilitungwa na mama yangu, mmoja kwa kila mtoto, na sisi watoto hatukujua kwamba kila mmoja wetu ana wa kwake mpaka mama alipokuwa na miaka saba kaburini.

Haikuwa siri. Ni kwamba hatukuwahi kuulizana. Nani humwuliza dada yake hadithi ya utotoni iliishaje, wakati wote mmeisikia kwenye mkeka uleule?

Nilikwenda chuo Dodoma nikiamini kwamba kusoma hadithi ni kuimaliza. Shuleni tulikuwa hodari wa kutaja dhamira, wahusika na mafunzo, na mtu aliyeyataja haraka alihesabiwa kuwa amesoma. Mwalimu wetu wa somo la hadithi fupi, mama wa makamo aliyeingia darasani na penseli nyuma ya sikio kama fundi seremala, aliivunja imani hiyo wiki ya kwanza. Alitugawia hadithi ya kurasa tatu akatuambia tuisome mara ya kwanza bila kushika kitu chochote mkononi. Mara ya pili tupigie mstari vitenzi tu. Mara ya tatu tuandike pembeni, kila aya, nani anajua nini na nani hajui. Halafu tuinakili yote kwa mkono.

Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, kunakili hadithi nzima? Si tutakuwa tumerudi darasa la tatu?"

"Darasa la tatu ulinakili vizuri?"

"Nilichapwa."

"Basi rudi ukamalizie."

Tulicheka, tukanakili. Alizikusanya karatasi, na wiki iliyofuata alizirudisha akiwa amezungushia duara kila neno ambalo halikuwemo kwenye maandishi ya mtunzi. Mimi nilikuwa nimeongeza maneno kumi na mawili. Kumi na mawili, kwenye kurasa tatu, na kila moja ningeweza kuapa kwamba nimelisoma. Nilikuwa nimempa mhusika mmoja tabasamu ambalo hakuwa nalo. Nilikuwa nimefunga mlango ambao mtunzi aliuacha wazi. Niliziangalia zile duara nikaona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali funguo zake zimekuwa zikidondokea siku zote.

Zoezi kubwa la mwaka wa tatu lilikuwa hili: kila mmoja achague hadithi fupi isiyokuwemo kwenye orodha ya kozi, atafute ilichapishwa lini na wapi kwa mara ya kwanza, athibitishe maandishi yake, ndipo aichambue. Wenzangu walihangaika kutafuta. Mimi sikuhangaika hata dakika moja. Nilichagua hadithi ya sahani.

Ilikuwa kwenye kijitabu cha kisomo cha watu wazima, cha zamani, kilichokuwa cha bibi mzaa baba. Bibi alijifunza kusoma akiwa na watoto wanne, na vijitabu vya namna ile viligawiwa kwa wanafunzi kama yeye ili wasisahau herufi baada ya darasa kufungwa. Jina la mtunzi halikuandikwa. Hadithi yenyewe ni fupi. Mwanamume anakwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mbali, kama wanaume wengi wa kwetu walivyofanya enzi hizo. Mke wake anabaki. Kila jioni anapopakua, anaweka chakula cha mume kwenye sahani ya bati, anakifunika kwa kawa, na asubuhi anawapa kuku. Majirani wanamcheka. Mama mkwe anamwambia aache kuharibu uwele. Yeye anaendelea kupakua. Siku zinapita, kawa inachakaa, anasuka nyingine. Sehemu kubwa ya hadithi ni hiyo tu, mikono ya mwanamke na sahani.

Mama alitusomea kila mmoja kwa miaka ya utoto wake, Jumapili mchana, tukirudi kanisani, akiwa amekaa nyuma ya nyumba na ungo wa maharage au mbegu za alizeti za kuchambua. Kijitabu alikiweka gotini, kidole kikifuata mstari. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, lakini yeye alitusomea kwa Kinyiramba, moja kwa moja, bila kusita, macho yakichukua lugha moja na mdomo ukitoa nyingine. Nyumbani tulisema Kinyiramba. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha zahanati, cha mgeni aliyevaa viatu vya kufunga kamba. Kwa hiyo mimi niliijua hadithi ile kwa Kinyiramba kabla sijaweza kusoma herufi, na nilipokuwa chuoni, katikati ya watu wa kila mkoa, bado sauti iliyonisomea kichwani kila nilipofungua kitabu ilikuwa ya mama, ikitafsiri.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuichagua, na sikumwambia mwalimu. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Kila mwaka uliopita nilikuwa napoteza kitu chake kimoja. Kwanza harufu ya kanga zake, halafu namna alivyocheka, halafu nikagundua kwamba sikumbuki alivyokuwa akiniita kutoka mbali. Hadithi ya sahani ilikuwa bado nzima. Nilidhani nikiichambua neno kwa neno, nitakuwa nimekaa naye muhula mzima.

Mkutubi aliniambia vijitabu vya kisomo vimo kwenye maboksi ambayo hayajaorodheshwa, nisubiri. Sikusubiri. Niliandika uchambuzi wa kurasa nne kwa kumbukumbu, wote juu ya mwisho, kwa sababu mwisho ndio niliokuwa nimeupenda. Kwenye mwisho ule mwanamke anakaa mlangoni jioni moja, anafunua sahani ya mume, anatazama njia, halafu anakula. Anakula chote, anaosha sahani, anaigeuza, anaiwekea jiwe. Nilisoma kazi yangu mbele ya semina kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Sentensi hiyo ya kula iko ukurasa wa ngapi?"

"Wa mwisho, Mwalimu."

"Namba?"

"Sikumbuki namba. Kijitabu kiko nyumbani, Singida."

"Kwa hiyo unachambua hadithi ambayo huna."

"Naijua kwa moyo, Mwalimu."

"Hata zile kurasa tatu mlizijua kwa moyo. Ulizungushiwa duara ngapi?"

Mwenzetu wa nyuma akajibu kwa niaba yangu, "Huyu anachambua kwa imani, Mwalimu," na darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka pia. Uso ulikuwa unawaka.

Wiki mbili baadaye mkutubi alinipigia. Kijitabu kilikuwa kimepatikana, nakala nzuri, jalada lake bado lina rangi. Nilikifungua nimesimama palepale kaunta. Kurasa thelathini za kwanza nilizifahamu kama njia ya kisimani. Kisha ukurasa wa thelathini na moja. Mwanamke hakula. Alikuja mtu, amejaa vumbi, akaomba maji. Mwanamke akampa maji, akaleta ile sahani, akaiweka mbele yake. Mtu yule akala bila kusema neno, akanawa. Mwanamke akaosha sahani, akaigeuza juu ya uchanja, akaweka jiwe juu yake ili upepo usiichukue. Hapo hadithi imekwisha. Nyuma ya ukurasa huo yalichapishwa maswali ya wanafunzi wa kisomo, na la kwanza liliuliza: mgeni huyu ni nani? Toa sababu.

Nilichofanya baada ya hapo nakisema ili wanafunzi wengine wasifanye. Nilikasirika. Niliandika kurasa mbili za kumthibitishia mwalimu kwamba nakala ya maktaba ina makosa, kwamba bila shaka ni toleo la baadaye lililobadilishwa na mtu wa ofisini, na kwamba toleo la kweli liko kwetu, kijiji cha jirani na Nduguti, ndani ya sanduku la bati. Mwalimu alizirudisha na neno moja: Ushahidi?

Likizo ilipofika nikaenda kuutafuta.

Nilianzia kwa dada yangu mkubwa, Utemini, mjini Singida, ambako anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Yeye ana miaka kumi zaidi yangu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba unapokusanya masimulizi usiulize swali lenye jibu ndani yake. Basi nikasubiri amalize mshono mmoja wa kola.

"Dada, ile hadithi ya sahani iliishaje?"

"Ya mama? Si mume anarudi."

Niliandika. "Anarudije?"

"Anarudi jioni, wakati mke ameshapakua. Anafunua kawa, anakuta chakula bado cha moto. Anasema, nilijua utaniwekea. Wanakula wote. Halafu mke anaosha sahani, anaigeuza, anaweka jiwe, basi. Kwani wewe unasemaje?"

"Mimi nakumbuka mwanamke anakula mwenyewe."

Dada aliondoa mguu kwenye cherehani. "Anakula nani?"

"Mwanamke wa kwenye hadithi."

"Ale chakula cha mume wake? Mdogo wangu, huko chuo wanawalisha nini? Mama hawezi kuwa amekusomea kitu kama hicho."

"Alinisomea. Mara nyingi."

"Basi ulikuwa umesinzia ukaota una njaa." Alicheka, akaendelea kushona. Baada ya muda cherehani ikasimama tena, safari hii yenyewe tu, na akasema bila kuniangalia, "Mimi wakati ule baba alikuwa Chunya, machimboni. Nilikuwa naomba tusomewe hiyo kila Jumapili."

Kaka yetu yuko Rungwa, anafuga nyuki. Nilimpigia siku tatu kabla simu haijaingia, kwa sababu mtandao hupatikana mahali pamoja tu.

"Ngoja nipande kichuguu," alisema. Nikasikia pumzi yake. "Haya sema. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nauliza hadithi ya sahani iliishaje."

"Dogo, umenitoa kwenye mizinga, nimepanda kichuguu, unaniuliza sahani?"

"Ni utafiti."

"Serikali inawasomesha kazi kwelikweli." Lakini alijibu. Kwake yeye, mwanamke anachukua ile sahani na kawa yake, anatoka nayo, anaifuata njia aliyopita mume. Watu wanamwona anapotelea kwenye bonde. Kesho yake anarudi, sahani ikiwa tupu. Anaiosha, anaigeuza, anaiwekea jiwe.

"Nilimuuliza mama, chakula alimpa nani," alisema kaka. "Akaniambia haijaandikwa."

"Alisema haijaandikwa?"

"Hivyohivyo. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, akasema haijaandikwa. Nilikasirika siku nzima."

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi ya nyumba ya dada. Maneno yale yalinifanya nimwone mama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akiinamisha kichwa juu ya kijitabu kuangalia tena, kwa heshima kabisa, kitu ambacho hakikuwepo.

Kufikia nyumbani nilikuwa tayari nahisi nitakachokikuta. Baba alikuwa ametoka kulisha ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Dodoma hakuna chakula?"

Alinitolea sanduku. Kijitabu kilikuwa chini, chini ya kadi za kliniki zetu sote watatu na cheti cha ndoa. Nilikihesabu kurasa kwa kidole. Kiliishia thelathini. Uzi wa mshono bado ulikuwepo, na kando ya uzi kipande chembamba cha karatasi kilichobaki baada ya karatasi kuchanwa.

"Baba, ukurasa wa mwisho uko wapi?"

Alikiangalia kijitabu kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani anayemdai salamu. "Huo niliufanyia msokoto wa tumbaku."

"Uliuchana ukavutia sigara?"

"Karatasi ile ilikuwa laini. Ya gazeti inakwaruza koo."

"Kwa nini wa mwisho lakini?"

"Ulitaka nianze na wa kwanza? Nilijua kuna watu wanasoma."

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amekaa palepale mama alipokuwa akikaa Jumapili, ukuta uleule nyuma yake, na nilipomtazama hapo, kumbukumbu moja ikaja ikiwa kamili. Mama akifika karibu na mwisho alikuwa anafunga kijitabu. Anakifunga, anakiweka chini ya ungo, anainua macho kuelekea njia ya Nduguti, na anaendelea kusoma. Sauti haibadiliki hata kidogo. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi mno, nikadhani amekariri.

Nililala nyumbani wiki mbili. Mchana nilisaidia kupura alizeti, na nikipumzika nilifanya nilichofundishwa: nilinakili. Niliandika miisho minne kwenye safu nne, ule wa maktaba nikiwa nimeupiga picha, wa dada, wa kaka, na wangu. Nilipigia mstari vitenzi. Niliandika pembeni nani anajua nini. Kwenye mwisho wa dada, mume anajua kwamba amewekewa. Kwenye wa kaka, mwanamke peke yake ndiye anayejua. Kwenye wangu hakuna anayejua lolote isipokuwa kwamba jioni imefika na chakula kipo.

Nilitaka sana kuandika kwamba kila mwisho ni barua. Kwamba dada alipewa mume anayerudi kwa sababu baba alikuwa Chunya na binti alikuwa akilia. Kwamba wangu ulikuja wakati baba ameshakaa nyumbani miaka mingi na mama ameanza kwenda hospitali kila mwezi, na labda siku moja akiwa amekaa pale aliona mwanamke yule ameshapakua vya kutosha, na yeye ale. Niliandika hayo yote. Nilimpelekea mwalimu muhula ulipofunguliwa.

Alisoma mbele yangu, ofisini kwake, penseli mkononi. Alifika kwenye barua akaweka duara kuzunguka aya nzima.

"Haya ni mazuri," alisema. "Umeyapata wapi?"

"Nimeyaona, Mwalimu. Nilikuwepo."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano. Sita."

"Basi ni ya kwako, siyo ya mama yako. Pole. Najua unamtaka." Akageuza karatasi kunionyesha. "Mimi nina swali dogo. Hili jiwe."

Niliangalia. Lilikuwepo kwenye safu zote nne. Sahani imeoshwa, imegeuzwa, imewekewa jiwe. Nilikuwa nimeliandika mara nne kwa mkono wangu, mara nne, na sikuwa nimeliona.

"Jiwe liko ukurasa wa thelathini na moja tu," alisema. "Nimekagua. Kijitabu chenu hakina ukurasa huo. Kwa hiyo lilitoka wapi?"

"Kwetu kuna upepo, Mwalimu. Sahani za bati huruka. Watu huweka mawe."

"Labda. Na mtunzi labda ni mtu wa huko, akaandika alichokiona. Au mama yako aliusoma huo ukurasa kabla haujachanwa. Unaona tofauti?"

Niliiona, na ndiyo imenikalia tangu siku hiyo. Kama mama hakuwahi kuusoma, basi alifika ukingoni mwa kijitabu kilichokatika, na kwa kuwa watoto walikuwa wanamtazama, akaendelea mbele kwa miguu yake mwenyewe. Huyo ni mama mmoja. Kama aliusoma, basi alijua kwamba anakuja mtu mwenye vumbi ambaye hatutaambiwa ni nani, alijua hata lile swali la wanafunzi, na mara tatu, kwa watoto watatu, aliamua kutotupa mwisho ule. Alibakiza jiwe tu. Huyo ni mama mwingine kabisa, na sikuwahi kukutana naye. Nilikuwa nimeingia kwenye utafiti huu kumbakiza mmoja niliyekuwa nampoteza. Sasa walikuwa wawili na sikujua nimlilie yupi.

Nilimpigia dada kuhusu jiwe. "Kila mtu anaweka jiwe," alisema. "Hata mimi hapa naweka." Nilimpigia baba. Baba alisema jiwe la nini, uchanja wetu ulikuwa ndani ya ua wa miti, upepo ulikuwa haufiki, mama hakuwahi kuweka jiwe juu ya sahani hata siku moja. Niliandika majibu yote mawili kama yalivyo, moja chini ya jingine. Mashahidi wawili wa ua mmoja.

Lililobaki lilikuwa tarehe. Mama alikuja kama bibi arusi kwenye nyumba ambayo kijitabu kilikuwemo tayari. Kama baba aliuchana ukurasa kabla ya ndoa, mama hakuuona, na jiwe ni la upepo. Kama aliuchana baadaye, mlango uko wazi.

"Baba, ulipochana ule ukurasa, mama alikuwa ameshakuja?"

"Bado," alijibu bila kufikiri. "Nilikuwa kijana, navuta sana. Mama yako alipokuja alinipunguza."

Nilimshukuru. Niliandika kwenye tanbihi kwamba ukurasa wa thelathini na moja ulitoweka kabla mama hajaingia kwenye nyumba hiyo, kwa ushahidi wa aliyeuchana. Nililia kidogo maktabani, uso nimeuelekeza ukutani, na nikajiambia kuwa hilo limekwisha: yote yalikuwa yake, na jiwe pia. Nilikabidhi kazi.

Siku tatu baadaye, mchana, baba alinipigia mwenyewe. Si kawaida yake. Nilidhani kuna mgonjwa.

"Nimekumbuka nikiwa shambani," alisema. "Ile karatasi. Mama yako aligomba."

"Aligomba lini?"

"Siku ileile. Nilikuwa nimekaa nje nasokota, yeye anatoka kisimani. Akaona kijitabu kiko wazi mapajani kwangu. Akatua ndoo."

"Kwa hiyo alikuwa ameshakuja."

"Alikuwa ameshakuja. Hajamaliza hata mwezi."

"Alisemaje, baba?"

Nilisikia ng'ombe upande wake, na mtu akiwafukuza. "Alisema, ungeniambia kwanza."

"Ungeniambia kwanza. Ili ausome, au ili asikose kuusoma tena?"

"Alisema hivyo tu. Akabeba ndoo yake akaingia ndani."

"Baba, alikuwa ameshausoma?"

"Hilo sikumuuliza," alisema baba. "Na yeye hakusema."